Picha Mbili za Mbuga ya Bahi

Mwajabu binti Abbasi alikuwa mwepesi wa kudharau, wala hakuona haja ya kuificha tabia hiyo. Wagogo aliwadharau kwa vumbi lao, watu wa pwani kwa maneno yao ya asali, na Wadachi kwa supu yao isiyo na pilipili. Hata watu wa kwao Haubi, katika milima ya Kondoa, hawakusalimika. Alisema wameishi juu mlimani muda mrefu mno hata wakadhani kila mtu aliye chini ni mdogo. Aliposema hivyo alikuwa akimfikiria hasa shemeji yake Halfani, mwanamume ambaye hucheka kwanza, kisha ndipo akatafuta la kuchekesha.

Huyo Halfani ndiye aliyemfanya asirudi kwao. Mumewe, Zaidi, alishuka kutoka milimani kwenda kufanya kazi ya reli, kule ambako njia ya gari moshi inaiacha mbuga ya Bahi na kuanza kupanda ukuta wa bonde. Zikapita mvua, likapita jua, na habari zake zikakatika. Mwajabu akafunga unga na nyama kavu, akafuatana na wafanyabiashara wa chumvi mpaka Bahi, akauliza kambi hadi kambi. Mnyapara mmoja alimjibu kwa kuelekeza kidevu tu, maana mikono yake ilikuwa imeshika kikombe. Alikoelekeza palikuwa na lundo la mawe kando ya reli, penye kona, chini ya mti mmoja wa mnyaa uliopinda.

"Udongo uliwaangukia," mnyapara alisema. "Tuliwatoa, tukawazika pamoja. Walisomewa dua, usiwe na wasiwasi."

Kisha akanywa chai yake.

Mwajabu alikaa pale mpaka jua likamchoma utosi. Alijua kwamba kule Haubi, Halfani anamsubiri amrithi, yeye pamoja na ng'ombe na kitanda, na kwamba kwa hakika angecheka kabla ya kumpa pole. Basi hakurudi. Alipanda behewa la mizigo, akashuka Dodoma, ambako nyumba za mabati zilikuwa zikiota kuizunguka stesheni kama uyoga, akatafuta kazi jikoni kwa Mdachi mmoja aliyesimamia ujenzi wa reli, ambaye watu walimwita Bwana Injinia. Hakumweleza mtu yeyote mumewe yuko wapi. Walipouliza, alijibu kwamba ana mume na mumewe hasafiri.

Mkuu wa watumishi katika nyumba ile alikuwa Mustapha, mzee wa pwani mwenye kanzu iliyopigwa pasi hata siku za kuchinja kuku. Alijua Kidachi cha kutosha kukubali kila anachoambiwa. Mwajabu alimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa kuwa umri ni umri, lakini aliitamka kama mtu anayetema kokwa.

Wakati reli ilipokwisha kupita Kilimatinde na kuendelea magharibi, nyumba ikapata mgeni. Alikuwa mchoraji kutoka Ulaya, ametumwa kuichora nchi ili picha zitundikwe kwenye kuta za ofisi huko kwao. Jina lake lilikuwa refu na lenye makorokoro. Jikoni wakamwita Bwana Ndevu, yakaisha. Alikuja na masanduku ya rangi, maturubai yaliyowambwa kwenye fremu za mbao, na mafuta fulani makali ya kusafishia brashi, ambayo harufu yake iliingia mpaka kwenye mikate.

Ujio wake ulimwudhi mtu mmoja tu, naye ni Bibi Klara, mke wa Bwana Injinia. Bibi Klara naye alikuwa akichora. Alitumia rangi za maji, kwenye karatasi, akiwa amevaa kofia pana, na mpaka siku ile alikuwa mchoraji pekee wa Dodoma nzima. Sasa mezani ilikuwa ni Bwana Ndevu hivi, Bwana Ndevu vile. Bibi alikuwa akitabasamu huku akiukata mkate vipande vidogo zaidi ya walivyohitaji watu kula.

"Hao wawili," Mwajabu alimwambia Mustapha, "ni kama majogoo waliofungiwa kapu moja."

"Sanaa hiyo, Binti Abbasi. Huwezi kuielewa."

"Wewe umeielewa?"

"Mimi nimekaa na Wazungu," Mustapha alisema, akaikunjua mikono ya kanzu yake, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Siku moja Bwana Injinia alikwenda kukagua njia kwa kiberenge, kigari kidogo cha reli, na wachoraji wake wawili wakaomba kufuatana naye wakachore mandhari ya Bahi kutokea juu. Mwajabu na Mustapha walichukuliwa kwa ajili ya chakula. Mwajabu hakuuliza wanasimama wapi. Alipouona mnyaa uliopinda, alijishika kwenye ubao wa kiberenge akawaomba moyoni wapite. Hawakupita. Bwana Ndevu alinyoosha mkono na kupiga kelele za furaha: kutoka penye ile kona unaiona mbuga yote, majani na madimbwi na nchi ikijifuta kwa mbali. Wakashuka hapo hapo.

Mwajabu aliwasha moto mbali kidogo, mgongo wake ukilielekea lile lundo. Alikata vitunguu. Upepo wa Bahi ulikuwa umeanza kuvuma, na lile tegemeo la miti mitatu ambalo Bwana Ndevu huwekea turubai lake likawa linayumba. Mchoraji akatazama huku na huku, akaliona lundo la mawe, akaenda akachagua jiwe moja, akalirudisha, akachagua mengine mazuri zaidi. Aliyapanga kwenye miguu ya tegemeo lake. Bibi Klara, asipitwe, akaagiza aletewe lililo bapa aegemeze kiti chake.

Kisu cha Mwajabu kikasimama.

"Mzee Mustapha. Waambie hilo ni kaburi."

"Lipi?"

"Hilo wanaloling'oa mawe."

Mustapha alitazama, kisha haraka akageuza macho pembeni. "Mambo ya wakubwa hayo. Mawe yako mengi nchi hii."

"Basi waambie wachukue hayo mengi."

"Bwana ameshaanza kuchora. Akichora hasemeshwi."

Mzee akabeba jiwe bapa, akampelekea Bibi, akalifuta kwanza kwa kitambaa.

Wakati wale wawili wanachora, kila mmoja akichungulia kazi ya mwenzake kwa pembe ya jicho, mwanamke wa Kigogo alipanda kutoka mbugani na mbuzi wake. Alivaa kaniki iliyopauka, amejipaka samli na udongo mwekundu, na shingoni ana kimsalaba cha bati alichopewa siku aliyobatizwa. Mwajabu alikunja pua.

"We, ondoa mbuzi wako. Hapa pana chakula."

Mwanamke hakumsikia. Alikuwa akiyatazama mawe. "Yule bwana ametoa mawe ya watu," alisema kwa Kiswahili cha kutafuta neno moja moja. "Sisi tulikuwa tumeyapanga."

"Sisi nani?"

"Mimi na dada yangu. Mawe yalikuwa kidogo, fisi wanakuja, wanachimba. Tukaongeza. Na mbuzi mimi nawafukuza, wasipande juu."

Mwajabu alifungua kinywa apate neno la kumrushia, kwa mazoea tu, na neno halikuja. Lilikuwa jambo geni kwake. Alimtazama yule mwanamke tangu udongo wa nywele zake mpaka miguu yake yenye magaga, akamuuliza jina. Aliitwa Anyesi. Mwajabu akachukua paja la kuku lililokuwa limetengwa kwa ajili ya Bwana Injinia, akampa.

"Kula. Mume wangu ni mmoja wa hao."

Wazungu walipokwenda kwenye kiberenge kunywa chai, waliyaacha mawe yametapakaa. Wanawake wawili wakayarudisha, mbuzi wakiwatazama. Hawakuzungumza sana. Mustapha alijishughulisha na kufunga vikombe, akihakikisha haoni kitu.

Baada ya siku kadhaa picha zote mbili zilikuwa tayari, na Bwana Injinia akaalika wageni wa chakula cha mchana: daktari, mkuu wa stesheni na mfanyabiashara wa ngozi. Picha zilisimamishwa ubavu kwa ubavu juu ya kabati la vyombo. Mwajabu alipoingia na sahani ndipo alipoziona kwa mara ya kwanza.

Ya Bibi Klara ilikuwa mbuga iliyofuliwa. Bahi yote ilioshwa, ikaanikwa, ikapauka. Majani yalikuwa ya kijani cha bustani, mbingu karibu nyeupe, reli ni uzi mmoja mwembamba, na katika nchi yote hiyo hakuna mtu, hakuna mbuzi, hakuna moshi. Penye kona palikuwa na nyasi tupu. Mwajabu alijiuliza inawezekanaje mtu aegemeze kiti chake kwenye jiwe siku nzima asilione jiwe.

Ya Bwana Ndevu ilikuwa nchi iliyochinjwa. Rangi ilikuwa nene, nyekundu, imebandikwa kwa kisu kama mtu anayepaka mkate siagi ya bure. Alikuwa ameongeza wanyama wawili wakubwa wa porini, pofu, ambao siku ile hakuna aliyewaona, na jua lenye ukubwa wa sinia. Mnyaa ameunyoosha, maana uliopinda haukumpendeza. Na chini ya mnyaa palikuwa na vichuguu. Vichuguu vyekundu vya mchwa, vizuri, vimechongoka, pale pale lilipokuwa lundo la mawe.

Wageni walikuwa wakibishana. Daktari alisimama upande wa Bibi, labda kwa sababu alikuwa akila kwake mara nyingi. Mfanyabiashara wa ngozi aliipenda ya Bwana Ndevu kwa ajili ya pofu. Mkuu wa stesheni alisema kila moja ina utamu wake, na wote wakamwona hana akili. Walisogea nyuma, wakafumba jicho moja, wakachora hewa kwa vidole. Mwajabu alisimama na bakuli la viazi, akawaza kwamba kama wangelibishana hivi juu ya magogo ya kushikia udongo, usingelianguka.

Bwana Injinia, aliyekuwa amechangamka kwa mvinyo, akapiga makofi. "Tuwaulize wenyeji! Nchi ni yao. Mustapha, ipi nzuri?"

"Zote mbili nzuri sana, Bwana," Mustapha alisema. "Na kila moja imeizidi nyingine."

Wakacheka. "Na wewe, mpishi?"

Mwajabu aliliweka bakuli mezani. "Ya Bibi haina mtu," alisema. "Ya Bwana ina watu, ila amewafanya vichuguu."

Bwana Injinia aliyekuwa akitafsiri akasita. "Vichuguu vipi?"

"Hivyo. Hilo ni kaburi la waliofukiwa na udongo wenu. Mume wangu yumo. Mliyatumia mawe yake kushikia kiti."

Bwana Injinia hakutafsiri mara moja. Alikohoa, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwamba kazi kubwa zina ajali, kwamba alikuwa likizoni wakati huo, na viazi vinapoa. Bibi Klara aliuliza kwa Kidachi kulikoni, akaelezwa, akasema "maskini," akaangalia picha yake tena, akaona lawama hiyo haikuihusu. Mwajabu alikuwa amewatarajia waone haya. Alisubiri, mikono mitupu, kama mtu aliyebisha hodi. Aliyeitikia ni Bwana Ndevu. Aliruka kitini, macho yanang'aa, akamshika mkono akautikisa. Makaburi! Mbona hakuna aliyemwambia? Picha yake ilikuwa ikikosa kitu, siku zote alihisi inakosa kitu!

Kesho yake asubuhi Mwajabu alipita barazani na ndoo, akakuta turubai limesimamishwa kivulini likauke. Vichuguu vilikuwa vimeondoka. Mahali pake ilisimama misalaba mitatu, myeupe pee, mmoja umeinama kidogo ili mtu aone huruma. Jua kama sinia liliizungushia mwanga.

Mumewe Zaidi alikuwa mtu wa kutandika nguo yake na kuswali hata katikati ya soko la Kondoa, huku wenzake wakimpigia kelele kwamba ng'ombe wanauzwa. Aliwaacha wapige. Mwajabu alikumbuka nyayo zake zikiwa zimegeuka juu, zina vumbi, na jinsi alivyokuwa akimcheka kwa nyayo hizo. Aliiweka ndoo chini. Akajiambia kwamba mtu anayeweza kumbatiza maiti kwa brashi, ili picha ipendeze ukutani, hastahili hata kutukanwa.

Adhuhuri, nyumba nzima ilipolala kwa joto, alitwaa tambara la jikoni, akalilowesha yale mafuta makali ya kusafishia brashi, akaenda barazani. Rangi ilikuwa bado mbichi. Msalaba wa kwanza ulitoka kwa mfuto mmoja; wa pili ulimsumbua, ukasambaa; wa tatu ukaondoka na kipande cha mnyaa. Alipomaliza, chini ya mti palikuwa na doa la kijivu, kama uji uliomwagika. Alilitupa tambara kwenye moto wa jiko, likawaka kwa ndimi kubwa, naye akaendelea kuchambua mchele.

Zogo lilianza wakati wa chai. Bwana Ndevu alitoka barazani amebeba turubai mbele yake kama mtu aliyebeba mtoto aliyejeruhiwa, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Klara. Hakukuwa na haja ya kujua Kidachi. Alimnyooshea kidole, Bibi akasimama, kikombe kikavunjika, akaonyesha mikono yake kwamba haina rangi, Bwana Ndevu akasema neno lililomfanya Bwana Injinia naye asimame. Kisha mambo mengine yakatoka, ya miezi na miezi: nani alicheka kofia ya nani, nani alisema rangi za maji ni kazi ya wanafunzi wa kike. Bibi alilia kwa hasira, pua nyekundu.

Mwajabu aliwasikiliza akiwa mlangoni. Hakuona raha ya kumwachia mtu mwingine kazi yake mwenyewe.

"Nimefuta mimi," alisema.

Hawakumsikia. Akasogea mpaka kwenye mkeka, akasema kwa sauti. "Mimi ndiye niliyefuta hiyo misalaba. Mume wangu ni Mwislamu."

Bwana Injinia alimgeukia kwa uchovu. "Mpishi, si wakati wake."

"Nimefuta kwa mafuta yake mwenyewe."

Bwana Ndevu aliuliza anasema nini. Alipotafsiriwa, akacheka kicheko kikavu. Alimjibu Bwana Injinia, akimtazama Bibi Klara, na Mustapha baadaye akamweleza Mwajabu maana yake: kwamba ni aibu kubwa bibi mwenye nyumba kumtanguliza mpishi ajitwike lawama, kana kwamba mtu wa jikoni anajua picha ni nini, au anajali.

"Ulikuwa na bahati," Mustapha alisema, akimvuta kwa upindo wa kanga mpaka jikoni. Jasho lilikuwa limemtoka. "Wangekuamini, ungechapwa kiboko bomani. Mshukuru Mungu."

"Nimshukuru kwamba wananiona kama chungu?"

"Chungu hakichapwi."

Hilo ndilo neno pekee la Mustapha ambalo Mwajabu alilirudia maishani, na kila alipolirudia alilisema kwa kubinua mdomo.

Bwana Ndevu aliondoka kwa gari moshi la kwanza. Lakini kabla ya kuondoka alilitengeneza lile doa, maana turubai ni turubai na ofisi zilikuwa zikisubiri. Kwa kuwa lilikuwa la kijivu, alilifanya ziwa. Alipaka maji mazuri ya buluu chini ya mnyaa, juu ya ukingo wa bonde, mahali ambapo hata mvua hutiririka ikapita, na pofu mmoja akamfanya anywe. Mwajabu aliliona turubai wakati wapagazi wanalifunga. Alicheka. Alicheka mpaka akajishika ukutani, na wapagazi wakaulizana huyu mama ana nini.

Asubuhi ya pili yake alimwaga supu, akafunga nguo zake, akamwambia Mustapha, "Shikamoo na kwaheri, zote pamoja," akaenda stesheni.

Hakwenda Haubi. Alishuka Bahi. Huko aliwapikia makundi ya matengenezo ya reli, ugali na mlenda, na samaki miaka ya maji mengi. Baadaye akapata sehemu akalima mpunga. Halfani alikuja mara moja, amefuatana na wazee wawili, kuuliza urithi wake. Alicheka, kisha akaanza kusema. Mwajabu alimwacha amalize kucheka, akampa maji ya kunywa, akamwonyesha njia ya stesheni kwa kidevu.

Ulimi wake haukupoa. Wanyapara walimwogopa, na walio wageni walionywa wasisifu chakula chake, maana angeuliza wanakifananisha na kipi. Aliyemzoea ni Anyesi. Walikuwa wakienda wote kwenye kona baada ya kila masika, maana maji yaliteremka na kuyasogeza mawe, wakayapandisha tena. Anyesi alisali kwa namna yake na Mwajabu kwa namna yake, kisha wakakaa kivulini mwa mnyaa kutafuna karanga.

Siku moja Anyesi, ambaye hakuwahi kuingia nyumba ya Mzungu, alimuuliza hizo picha zilikuwaje.

Mwajabu alijaribu kueleza. Alionyesha kwa mkono: huyu alichora kuanzia pale, yule kuanzia hapa, huyu alifanya majani hivi, yule alitia wanyama. Anyesi alisikiliza, akitazama mbuga yenyewe ilivyolala chini yao na moshi wake na ng'ombe wake.

"Sasa wewe," alisema, "ungeambiwa chukua moja, ungechukua ipi?"

"Ya nini nichukue? Ya kufunikia mtungi?"

"Nauliza tu."

Mwajabu alitema ganda la karanga. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko alivyotaka mtu amwone akifikiri juu ya jambo kama hilo.

"Ya Bibi," alisema hatimaye. "Haikuwa na maana yoyote. Lakini humo hakumgusa Zaidi."

Anyesi akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Chini yao mbuzi wake watatu walikuwa wamekwisha kuingia kwenye mpunga wa mtu, na mwenye shamba alikuwa akija na fimbo, anapiga kelele. Anyesi akainuka, akaanza kukimbia kuteremka, na Mwajabu akabaki pale pale kivulini, akimpigia kelele kwamba mbuzi wa Wagogo hawana adabu kama wenyewe.